Bei ya Mashine Ambayo Haijatoka

Rafiki yangu Lubega ana kibanda cha gemu mjini Juba, mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto, na kazi yake ya pili, ambayo hakuna anayemlipa, ni kutabiri bei. Si bei ya unga wala ya petroli, ambayo ingetufaa. Anatabiri bei ya mashine za gemu ambazo hazijatoka. Mchana jenereta inapozimwa ipoe, runinga zote zinakuwa nyeusi, upepo wa mto unaingia, naye analala chali kwenye benchi, macho kwenye mabati, anaanza. PS ijayo itauzwa dola mia saba, anasema, maana chipu zimepanda. Juu yake weka safari kutoka Kampala, weka ushuru wa mpakani Nimule. Anaiona mpaka rangi yake. Mimi nauza vipuri vya pikipiki mlango wa pili na nimemsikia mpaka nimechoka, lakini saa hizo sauti yake hunichukua, nami naiona mashine hiyo ikivuka mpaka, imeviringishwa ndani ya godoro, inakuja polepole.

Joy alimpata hivyo hivyo. Alikuja kuchaji simu, akasikia hiyo mia saba, akamwambia anajidanganya, ni mia sita. Walibishana mpaka simu ikajaa, na kesho yake akaileta tena ikiwa bado imejaa.

Basi tukaenda kuposa mtaa wa Lemon Gaba, kwa Ezbon, baba mdogo wa Joy, aliyemlea tangu walipokuwa wakimbizi Uganda. Mimi Waiswa ndiye niliyekuwa msemaji. Kwao Wabari na kwetu Uganda ni mamoja: bwana harusi anakaa, anaangalia chini, hatamki neno juu ya mahari. Nilimwonya njia nzima. Ng'ombe wetu walikuwa nusu tu ya waliotakiwa, na Joy alikuwa ametuambia wazi kwamba tukishindwa siku ile, kuna mwingine mwenye ng'ombe wa kutosha, na ukoo utamkubali.

Nilizungumza vizuri sana, nasema kweli. Nilikuwa nimeanza kuwapunguza wale ng'ombe mmoja mmoja, mara Ezbon akanipita, akamgeukia Lubega.

"Wewe kijana, nasikia unajua bei ya kitu haijazaliwa. Wale watu wa mashine wanaweka bei namna gani?"

Nilikohoa. Nilimkanyaga Lubega mguu. Haikusaidia, macho yake yalikuwa yameshapanda kwenye paa.

"Mzee, wale hawaangalii mashine iko na nini ndani," alisema. "Wanaangalia mwenye anataka sana, bei ikipanda ataachia wapi. Wanaweka bei karibu na hapo."

"Na wewe, kwa huyu mtoto yetu, utaachia wapi?"

"Mimi haiko na mahali pa kuachia, Mzee."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu anakwenda kupunguziwa mahari, halafu anawaambia wenye binti kwamba atalipa chochote! Kama si heshima ya nyumba ile ningemzaba kofi. Ezbon na ndugu zake wakageukiana, wakaongea Kibari kwa muda mrefu, na mimi nikawa nawaza nitamwambia nini Joy.

Kisha Ezbon akasema ng'ombe tuliowataja wanatosha. Kilichobaki ni ile mashine mpya.

Lubega hakuweza kunyamaza hata hapo. "Lakini Mzee, hiyo haijatoka."

"Najua. Ukimaliza kulipa leo, kesho utakuja huku kufanya nini? Chukua Joy. Hiyo utaleta ikitoka. Khalas."

Siku hizi wanaishi nyuma ya kibanda. Jenereta ikizimwa nawasikia gizani wakibishana, huyu mia saba, yule mia sita, sauti zikizidi kuwa za usingizi, na mara nyingine nasimama na plagi ya pikipiki mkononi nikimwonea Lubega wivu kabisa. Wateja wakiuliza mashine itatoka lini, yeye aliyekuwa na haraka nayo kuliko wote anawajibu kwamba wasiikimbilie.

Kila Jumapili baada ya kanisa wanakwenda Lemon Gaba kumwambia mzee kwamba bado. Anawawekea chai, anauliza bei imefika wapi, anasikiliza mpaka jua linashuka. Nyumba ile haina hata runinga.