Mtakatifu wa Nyanya

Nilifungua sanduku la picha za kale katika duka moja la soko la Souq Waqif, huku ughaibuni, harufu ya karatasi kuukuu na kafuri ikanijia puani, na juu kabisa alikuwa yeye: mwanamke wa Kizungu mwenye taji na shela, macho kayainua mbinguni.

Picha kama hiyo ilikuwa ukutani kwa nyanya yangu, kati ya Bikira Maria na kalenda ya parokia. Alipewa na mwajiri wake wa zamani. Kwetu mwanamke huyo alikuwa mtakatifu. Mama alipolazwa hospitalini, nyanya alimwashia mshumaa kila jioni, nami nilifanya ishara ya msalaba na kupiga magoti hadi yakachubuka.

Siku moja katekista alikuja kutupa pole. Akaishusha picha, akasoma maandishi ya nyuma, akacheka.

"Mama, huyu ni mcheza michezo ya jukwaani! Hata taji ni la kuigizia. Mtoeni ukutani."

Nilimtazama nyanya. Sasa nani angemwombea mama?

Nyanya akammiminia chai. "Katekista, Mathayo kabla ya kuitwa alikuwa na kazi gani?"

"Mtoza ushuru."

"Basi na huyu mwache aitwe. Mrudishe, na usimpindishe."

Akamrudisha. Mama naye alirudi, amekonda, akiulizia chai.

"Huyo alikuwa mwigizaji, akhi, ndugu yangu," muuzaji wa zile picha za kale aliniambia kwa upole.

Nilitaka kumjibu kisomi, mtu wa digrii mbili, kwamba hilo nalijua. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye paji la uso.