Maneno Niliyoyameza Kiwanjani Mpanda

Mimi situlii. Mke wangu ananijua: tukienda Magamba kwa pikipiki kusalimia ndugu, yeye anaangalia barabara, mimi naangalia mashamba. Lile lina visiki. Lile limejaa vichuguu. Hili matuta yake yamenyooka, ningeyafuata nikatua. Narusha ndege ndogo ya injini moja, na hiyo moja ikizima huna pa kuazima nyingine.

Kila wiki naenda kwa miguu upande wa Ilembo, kwenye mashamba yaliyo mbele ya kiwanja cha ndege, nione nani kalima na nani kaingiza ng'ombe. Mzee mmoja wa Kisukuma alinivumilia mara tatu, ya nne akaniuliza, "Baba, wewe dalali?" Nikamwambia natafuta pa kuangukia. Akacheka sana. Kisha akaniomba basi nizikwepe karanga zake.

Na kuna maneno. Kabla ya kuruka huyasema kwa sauti, niwe na abiria au peke yangu: "Injini ikizima tukiwa bado hatujapanda juu, nashusha pua, natua mbele. Sirudi kiwanjani." Maana hapo moyo wote unataka kugeuza urudi ulikotoka, na kugeuza huko ndiko kunakoua. Ndege haina mwendo, unaipinda, inaanguka kama gunia. Kwa hiyo unauambia mkono mapema, kabla hofu haijauambia lake.

Mwaka huu macho ya mama yaliziba yote mawili, mtoto wa jicho. Ndege ilikuwa inakwenda Tabora tupu kuchukua abiria, nikaruhusiwa kumpeleka hospitali. Alitoka kwake Majengo na kitenge kipya, uso wa sherehe. Nikamfunga mkanda, nikawasha, nikaanza: "Injini ikizima..."

"We! Ishindwe!" akanikatiza. "Unamchuria nani? Mimi mama yako?"

"Mama, ni utaratibu."

"Utaratibu wa kuita msiba? Sema kwa jina la Yesu, twende zetu."

Nikasema kwa jina la Yesu. Yale mengine nikayameza. Niliona aibu, mtu mzima na leseni yangu, kubishana na mama yangu kiwanjani.

Tukaruka. Mapaa ya bati yalikuwa bado makubwa chini yetu injini ilipokohoa. Ikakohoa tena, ikalegea. Na mimi, mpima mashamba, ninayejua kila kichuguu kilichokuwa mbele yangu, mkono wangu ukageuza ndege kurudi. Jamani! Sikuuamuru. Bawa moja likalala, king'ora cha kuonya kuwa mwendo umekwisha kikaanza kulia, usukani ukawa mlegevu mkononi. Nilijua namuua mama yangu. Halafu injini ikashika, yenyewe tu. Nikazunguka, nikatua. Fundi alishinda akifungua na kufunga, hakuona kitu.

Jioni nilimkuta mama kibarazani anawahadithia majirani. "Huyu mwanangu nyie mwacheni! Chuma kimekataa, yeye kimya, akakigeuza tu, akanirudisha nyumbani." Wakanipa mikono. Wakanipongeza. Nilikaa, nikasimama, nikaenda uani, nikarudi, mpaka wa mwisho alipoaga.

"Mama," nikasema, "sikukuokoa. Kule kugeuza ndiko kungetuua. Injini ilirudi yenyewe. Mimi nilikosea."

Akapapasa pindo la kitenge.

"Ndiyo yale maneno niliyokukataza?"

"Ndiyo. Lakini aliyeyaacha ni mimi."

"Nimekuzaa, baba, nimekusamehe," alisema. "Ila kesho nipeleke stendi. Nitakwenda na basi."

Asubuhi nikamkatia tiketi mwenyewe, siti ya dirishani.