Kiberiti cha Bibi na Petroli ya Sirari

Kila nikikata mche wa sabuni jikoni kwangu, nasikia harufu ya petroli. Mume wangu ameshachoka kunihakikishia kwamba hakuna petroli ndani ya nyumba. Najua haipo. Lakini kisu kikizama kwenye sabuni, pua yangu inarudi nyuma ya pikapu ya baba.

Wenzangu kazini, hapa Mwanza, wana kundi la simu la kuambizana kituo gani leo kina mafuta ya bei nafuu. Mtu anavuka mji mzima kwa ajili hiyo, anakwama kwenye foleni, kisha anarudi anatabasamu. Mimi hujaza kwenye kituo cha kwanza ninachokutana nacho, nao wanadhani nina hela. Sina hela, nina woga. Wao sijawahi kuwaeleza, ila ninyi nitawasimulia.

Tulikaa Nyamisangura, Tarime mjini. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ambayo siku za mnada ilibeba watu, mbuzi na magunia, na siku nyingine ilibeba chochote kilicholipa. Kituo cha mafuta tulikiona tukisimama mlangoni kwetu, lakini baba alikipita kama mtu anayempita mdai wake. Mwaka ule petroli ilikuwa rahisi ng'ambo ya mpaka, na yeye alikuwa radhi aende hadi Sirari, avuke, ajaze, kisha arudi akipiga mluzi. Mama, aliyekuwa akiuza nyanya na kufanya hesabu zake zote kichwani, hakuukubali mluzi ule.

“Kwenda unachoma, kurudi unachoma,” alimwambia. “Hiyo nafuu ikifika hapa inakuwa bado ipo?”

Baba alikaa na swali lile siku kadhaa, nadhani lilimnyima usingizi. Mwishowe akaja na jibu, na jibu lilikuwa madumu. Kwa tangi peke yake, alikiri, mama alikuwa sahihi. Lakini ukijaza tangi na madumu juu yake, safari moja inalipia zile nyingine. Yalikuwa madumu ya njano yaliyowahi kuwa na mafuta ya kula. Moja lilikuwa na ufa kwenye pembe ya chini, naye akauziba kwa sabuni ya mche, akiikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikalainika na kujaa. Madereva wa kwetu wote wanaijua dawa hiyo, na kusema kweli inafanya kazi, mradi dumu litulie mahali pamoja.

Mimi petroli nilikuwa naiogopa tangu kabla ya hapo. Mama mmoja jirani yetu aliiuza kwa chupa kwenye kibanda, na jioni moja mtu alimsogezea koroboi ili aone vizuri anapomimina. Hakufa mtu, ila nilimwona yule mama akitoka mbio na kitenge kinawaka, na kwa muda mrefu baadaye sikuweza kupita pale bila kushika mkono wa mtu. Nilikuwa darasa la tatu.

Basi, likizo moja, madaktari wa macho walikuja hospitali ya mjini kutoa mtoto wa jicho. Bibi yangu mzaa mama aliishi Kenyamonta, kule wilaya ya Serengeti, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu. Alimtambua mtu kwa sauti na ng'ombe kwa kengele. Habari zilitufikia zimechelewa. Keshokutwa yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari, na baba akasema atamfuata mwenyewe, na mimi niende naye.

Sikwenda kwa kupendwa. Nilikwenda kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuwa mdomo. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawakai karibu, na neno likibidi kusemwa linapitia kwa mtu wa tatu. Baba alikuwa amemwoa mama miaka mingi, na sidhani kama aliijua sura ya bibi zaidi ya ukingo wa khanga yake. Kwa hiyo bibi asingeweza kukaa mbele na dereva. Angekaa nyuma kwenye bodi, nami ningekaa naye, niwe macho yake na sauti ya wote wawili.

Tulianza na Sirari alfajiri iliyofuata, maana baba hakuona sababu ya kwenda Kenyamonta na mafuta ya bei ghali. Kijana wa pampu ng'ambo ya mpaka alimtazama baba akishusha madumu, akauliza, “Na hizi zote, mzee, unapeleka wapi?” Baba akamjibu anampelekea mkwe wake zawadi. Tukarudi Tarime, tukapita bila kusimama nyumbani, tukashika barabara ya Nyamongo. Wachimba dhahabu, vijana wa kutoka huko mbali, walitupungia mikono wakitaka lifti, na baba, ambaye siku zote alisimama kwa mtu yeyote mwenye nauli, hakusimama. Nilishangaa, kisha nikageuka nikayaona madumu chini ya turubai nikaacha kushangaa. Tukavuka mto Mara, tukafika Kenyamonta jua likiwa juu.

Baba alisimamisha gari mbali na ua, akasimama ameligeuzia mgongo lango la nyumba. “Bhoke,” aliniambia kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia, “msalimie bibi yako.” Nikamwambia bibi baba anamsalimu. Bibi, hatua chache tu kutoka pale, akasema nimwambie baba kwamba yeye ameitikia. Yalinichekesha sana mambo hayo utotoni. Nilijiona kama simu yenye miguu.

Kabla bibi hajaletwa garini, baba aliniita pembeni. Akainama, akanong'ona kwamba madumu bado yamejaa, pamoja na lile lenye sabuni, yako chini ya turubai, na bibi asijue. “Akijua hapandi. Asipopanda, macho yamekwenda. Umesikia?” Nikasema nimesikia. Wakati ule sikuona ubaya wowote wa kuficha.

Bibi alipandishwa na vijana wa nyumbani, akakalishwa juu ya gunia la ulezi, miguu yake peku ikielekea turubai. Kuku mmoja wa zawadi alilazwa pembeni, miguu imefungwa. Bibi alinusa ugoro mchana na kuvuta kiko jioni, tumbaku ya shamba lake mwenyewe, kwa miaka mingi kiasi kwamba pua yake ilikuwa ya mapambo tu. Na gari alikuwa amepanda mara chache sana maishani, kwa hiyo hata kama alisikia harufu yoyote, bila shaka aliona ndivyo magari yanavyonuka.

Barabara ilikuwa mbaya, na baba alikuwa na haraka. Tulirushwa huku na huku. Tulipokwisha vuka mto na kuanza kupanda, niliona turubai limebadilika rangi mahali fulani. Nikalifunua kidogo. Sabuni ilikuwa imetoka kwenye ufa, inabingirika sakafuni kama jino lililong'oka, na petroli ilikuwa inashuka taratibu kuelekea kwetu. Kuku akapiga chafya. Nikajaribu kuirudisha sabuni, ikateleza, ikapita kwenye uwazi wa mlango wa nyuma na kuanguka barabarani.

“Mbona miguu yangu ina baridi?” bibi akauliza.

Petroli ni baridi sana ikigusa ngozi, nilikuwa sijui. Khanga yake ilikuwa imelowa hadi kwenye vifundo. Akaisugua miguu, akasema huyo kuku hana adabu, ameharisha, kisha akafungua fundo la khanga, akatoa kiko. Nilitazama akikijaza tumbaku kwa kidole, bila haraka, kama mtu aliyekaa barazani kwake. Kisha akanyoosha mkono gizani mwake, akaniwekea kiberiti kiganjani.

“Niwashie, mwanangu. Baridi hii itaniua.”

Nilipata hofu ambayo sijaipata tena, hata nilipojifungua. Nilimwona yule mama wa kibandani akikimbia, ila sasa alikuwa na uso wa bibi. Nikageuka, nikaanza kupiga paa la mbele kwa mikono yote miwili ili baba asimame. Sasa, siku za mnada konda wa baba alikuwa na ishara zake: ukipiga mara moja, simama, ukipiga zaidi, twende. Mimi nilipiga kama ngoma. Baba akaongeza mwendo.

“Usipige gari la watu,” bibi akasema. “Washa. Inama humo chini ya turubai, upepo usikuzimie.”

Alikuwa ananielekeza vizuri kabisa, masikini. Kumkatalia bibi sikuwahi, na sikujua kunafananaje. Kumwambia sababu nilikuwa nimekatazwa na baba, na nilivyolelewa mimi, katazo la baba halikuwa na mlango wa nyuma. Nikakishika kiberiti. Kilikuwa chepesi, na njiti zilikuwa zinalia ndani. Bibi akasubiri, kiko mdomoni, ameinamisha uso kunifuata. Nikakitupa kiberiti barabarani.

“Bado?”

“Nimekitupa, bibi.”

Bibi akanyoosha mkono, akanipapasa uso, akakuta machozi. Nadhani yalimchanganya, kwa maana mtoto mtundu halii kabla hajachapwa. Lakini hasira ilikuwepo. “Tukifika,” alisema, “utamwambia baba yako ulichonifanyia. Utamwambia wewe, kwa kuwa mimi sina njia ya kumwambia.”

Safari iliyobaki niliifanya nimekumbatia miguu yake yote miwili, nikiamini kwamba nikiifunika vizuri haitawaka. Kila alipogusa fundo la khanga nilidhani ana kiberiti kingine. Kila chuma kilipogonga chuma nilifumba macho. Petroli ilinilowesha gauni, na baridi yake ikaingia hadi mifupani. Niliomba Mungu kwa Kiswahili cha kanisani na kwa Kikurya, nikidhani mojawapo itafika.

Bibi alikuwa afikie kwa mdogo wake, palepale Nyamisangura. Gari liliposimama langoni, baba alishuka, akasogea mbali akatugeuzia mgongo kama kawaida. “Mwambie bibi yako tumefika salama,” akasema.

“Mwambie,” bibi akaniamuru.

Nikasimama katikati yao. “Baba, bibi anasema nimetupa kiberiti chake. Alitaka nimwashie kiko.”

Baba akageuka. Hakugeukia kwangu, alimgeukia bibi, akamtazama usoni waziwazi, jambo ambalo wazee wangelisikia labda wangemtoza faini ya mbuzi. Akaja mbio, akafunua turubai, akashika khanga iliyolowa.

Bibi akausikia mkono ule kwenye pindo. “Ni nini hiki kimenilowesha?” akauliza, na swali hilo hakunipa mimi nilifikishe.

“Petroli, mama,” baba akajibu.

Niliwatazama wote wawili nikiwa sina kazi. Bibi alikitoa kiko mdomoni, akakipapasa, akamwaga tumbaku yote nje ya gari. Kisha akarudi kwenye sauti yake ya siku zote. “Bhoke, mwambie baba yako miguu yangu imekufa ganzi. Anishushe.”

Baba hakungoja nimwambie. Alimbeba mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia, akiwa ametazama pembeni, akamweka mlangoni kwa mdogo wake, akarudi garini. Alikaa kwenye usukani muda mrefu, mlango wazi, hajawasha.

Kesho yake bibi alipasuliwa macho, akaona. Siku moja alinisimamisha dirishani, akamtazama baba akipita nje na mgongo wake, akasema taratibu, “Kumbe ni mfupi hivi.” Habari ya kiberiti hakumwambia mtu, hata mama. Wao wawili hawakusemezana tena moja kwa moja hadi bibi alipofariki.

Baba aliyagawa madumu kwa wachota maji na kuanza kujaza petroli kituo kile cha mlangoni. Mama alifurahi sana. Mpaka leo anawasimulia majirani jinsi alivyomshinda baba kwa hesabu, nami nilipokuwa mdogo niliamini hivyo hivyo, kwamba baba alikaa chini, akajumlisha na kutoa, akakubali. Nilikuwa najua yote yaliyotokea, na bado sikuunganisha.

Niliunganisha nilipokuja likizo nikiwa chuoni, nikamwomba baba anipeleke stendi. Tukaingia kituoni kuweka mafuta. Akazima injini, akashuka, na kabla hajasema na mtu wa pampu akazunguka nyuma ya pikapu, akaweka mkono juu ya bodi, akatazama ndani. Hakukuwa na kitu humo, hata gunia. Alipitisha mkono sakafuni, akaunusa, kisha ndipo akaagiza mafuta. Nilimuuliza yule wa pampu, baba alipokwenda kulipa, kama mzee ana shida na gari.

“Hapana,” akasema. “Huyu mzee kila siku lazima aangalie nyuma kwanza. Tukimuuliza anatafuta nini, anasema mtoto.”