Chumba cha Nyuma

Yule dobi alikuwa na ugonjwa wa kukaribisha. Kila barua aliyomwandikia Kidoti, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliifunga kwa maneno yale yale: chumba cha nyuma kipo, kitanda kipo, njoo ukae hata mwaka. Na mwanzoni hakuwa mwongo. Mwanawe alikuwa ameondoka kutafuta maisha, chumba kikabaki na panya. Kisha kijana akarudi, tena na mke, na mke ana mimba kubwa. Hapo dobi alipaswa kushika kalamu aseme ukweli. Hakusema, aliona haya. Na kwani Kidoti angekuja lini, mtu mwenye mume na nyumba yake? Kumwambia mtu karibu hakupunguzi unga, alijiambia, akaendelea kukaribisha.

Ndipo ikaja barua fupi. Mume wa Kidoti amefariki, na mashemeji wamemwambia afungashe virago.

"Dada, ule ukarimu wako sasa nauhitaji. Kitanda changu nimekigawa, maana chako kipo. Nitafika Jumamosi."

Dobi aliisoma akiwa amesimama kwenye meza ya pasi, hadi akaunguza kola ya shati la mteja. Mumewe alipoambiwa alicheka, kicheko cha mtu aliyekerwa.

"Umemkaribisha miaka yote hiyo. Haya, alale wapi? Juu ya bati?"

"Sasa nifanyeje, mume wangu?"

"Si umwandikie."

"Barua itapishana naye njiani."

Alimpenda Kidoti kuliko ndugu, na sasa alimwogopa. Katikati ya wiki mkwewe akajifungua, na hata furaha ya mjukuu haikumkaa vizuri.

Jumamosi Kidoti akabisha hodi, begi begani, amekonda mpaka kile kidoti cha shavuni, kilichompa jina, kilionekana kimekua. Walikumbatiana, wakalia. Mara kichanga kikaangua kilio kule nyuma. Kidoti akachungulia: mama na mtoto kitandani, nepi zimetundikwa dirishani. Hakuwa mjinga. Dobi alifungua kinywa aseme karibu, lile neno moja la barua zote, akayaona macho ya mumewe, akaiona na sebule iliyojaa mafurushi ya nguo za watu. Neno likagoma kutoka.

"Hongera, bibi wee!" Kidoti akasema, akijifuta macho. "Mimi sikai, dada. Napita tu, nakwenda kwa mdogo wangu."

Akanywa maji amesimama, begi hakulitua. Dobi akamsindikiza mpaka kituoni, njia nzima wakizungumza habari za mtoto, anafanana na nani, amenyonya vizuri au vipi. Alijua fika kwamba Kidoti hana mdogo wala mkubwa. Mama yake alimzaa yeye tu, basi.

Gari lilipokuja, alimpokea begi, akampandishia.

"Msalimie sana huyo mdogo wako," akasema.