Pumzi Juu ya Utando

Mwalimu Umaima Kaizar hufundisha fizikia katika shule moja ya Ganjoni, na akifika kwenye somo la chaji za umeme hulipitia upesi kuliko masomo mengine. Nilidhani halipendi, mpaka alasiri moja, tukisahihisha mitihani, aliponisimulia maisha yake kabla ya kushika chaki.

Alikuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamivu. Kazi yake ilihusu feroelektriki, yaani vitu ambavyo ndani yake chaji chanya huegemea upande mmoja na hasi upande wa pili, vyenyewe, bila betri. Ukivipa msukumo wa umeme kutoka nje, mwegemeo huo hugeuka. Ukiuondoa msukumo, hubaki ulivyogeuzwa. Kwa hiyo vinaweza kutunza kumbukumbu: juu ni ndiyo, chini ni hapana. Utando wa vitu hivyo ukiwa mwembamba sana, umeme kidogo tu hutosha kuugeuza. Umaima alitengeneza utando wa unene wa atomi chache. Shida ni kwamba utando wa namna hiyo ni kama hauna ndani, wote ni uso, na chochote kinachotua juu yake, hasa maji, kinaweza kuamua chaji zielekee wapi.

Sampuli zake nyingi zilisahau. Moja ikashika. Kwa sindano ya darubini, iwezayo kuandika na kusoma chaji, aliandika juu yake mistari kadhaa kwa umeme, akaifungia katika kijisanduku kisichopitisha unyevu. Miezi michache baadaye angeifungua mbele ya wasimamizi wake, na mistari ikiwapo, angeongezewa muda wa kumaliza shahada. Fedha za mradi zilikuwa zinaisha na tanuri la kutengenezea utando lilishaahidiwa watu wengine. Hakukuwa na sampuli ya pili.

Ndipo kaka yake, Huzefa, mwenye duka la vyuma Mji wa Kale, akapiga simu kwamba mama yao anaumwa. Maabara ilikuwa inahamishwa vifaa, na Umaima hakuthubutu kukiacha kijisanduku humo. Akasafiri nacho mkobani.

Mama yao, Akila, alikuwa amelala ghorofani, juu ya duka. Siku ya tatu akaomba aonyeshwe hicho kilichomchukulia binti yake miaka yote. Umaima akafunga madirisha, akawasha kiyoyozi, akasubiri chumba kikauke. Alijua kukifunua kwa dakika moja ni hatari ndogo. Akakifungua na kukisogeza kitandani.

"Ndicho hiki?" mama akauliza. "Huzefa auza misumari, na msumari angalau waonekana."

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akafumba macho, midomo ikacheza kwa dua, na kabla Umaima hajauvuta mkono, akainama na kupuliza. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu zamani, kwenye kalamu za mtihani, kwenye pasipoti, kwenye gilasi ya maji ya mtoto mwenye homa. Umaima alikumbuka unyevu wa bahari, wa dirisha, wa vidole vyake mwenyewe. Huo wa pumzi hakuukumbuka. Aliona ukungu mdogo ukitanda juu ya sampuli, kisha ukakauka.

"Sasa haitakushinda, dikri," mama akasema, akimwita binti kwa Kigujarati cha nyumbani.

"Asante, Mama." Akakifunga.

Mama alipopata nafuu kidogo, Umaima alirudi chuoni. Sindano ilipopita juu ya utando haikukuta mstari hata mmoja. Uso wote ulikuwa umegeukia upande mmoja, kama maji yanavyougeuza. Wasimamizi walipouliza, alisema alikifungua kwa uzembe wake, na hakumtaja mtu. Mmoja alimshauri kwa upole aandike juu ya hilo lenyewe. Lakini watafiti wengine walishaeleza kazi ya maji, tena maji safi, yaliyopimwa. Muda hakuongezewa.

Alirudi nyumbani kwa mama bila shahada, akapata kazi shuleni. Mama alimuuliza mara moja tu kama kile kitu kilifaulu. Akamwambia kilifaulu. Tangu hapo kila mgeni aliyepanda ngazi alisimuliwa habari ya binti yake, daktari wa sayansi.

Mama alifariki mwaka jana. Wanawake waliokuja matangani walimwita Umaima Daktari, naye akaitika. Baada ya siku za msiba kwisha, Huzefa alimwomba cheti akitie fremu, kitundikwe dukani. Hapo akamweleza yote.

Huzefa aliweka mkono juu ya mizani ya kupimia misumari. Akamuuliza kwa nini hakumwambia mama. Mama hangekasirika.

"Najua hangekasirika," Umaima akamjibu. "Angeacha kunipulizia."