Viatu vya Msiba wa Bibi

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomuua bibi yangu kwa ulimi. Usishtuke, sikiliza kwanza.

Miaka ile ya hamsini nilisoma Tanga mjini, nimepanga chumba Ngamiani na wenzangu wawili. Bibi, aliyenilea kule Moa, alisuka mikeka akauza, na kila muhula aliweka fedha zangu amana kwa Bwana Rajabali, Mhindi mwenye duka jirani yetu. Sharti lilikuwa nipewe kidogo kidogo kila Ijumaa, ya chakula na sabuni. Basi nikaona viatu vyeusi kwa fundi, nikapagawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikutaka kuinama.

Nikamwendea Bwana Rajabali na uso wa kilio. "Bibi amefariki. Naomba fedha zote nikazike."

"Innalillahi!" alisema, akanipa zote. Nikapitia kwa fundi, kisha nikajificha chumbani.

Nilisahau lile ambalo hata mtoto wa kwetu analijua, kwamba penye msiba jirani haachi kwenda. Kesho yake Bwana Rajabali alifunga duka, akapanda basi la Moa na ubani, fedha ya kuwafariji wafiwa, mfukoni. Aliyemkaribisha uani ni marehemu mwenyewe, kashika ukili wa mkeka.

Jioni wakaja wote wawili chumbani kwangu. Viatu nilikuwa nimevivaa.

"Shikamoo, bibi," nilisema, nikirudisha miguu nyuma.

"Marahaba." Akavitazama viatu. "Mjukuu wangu, ndiyo sanda yangu hii?"

Nililia. Bibi alitaka kunirudisha Moa, na ingekuwa haki yake. Aliyeniombea ni yule yule niliyemdanganya.

"Mama, mwache asome. Ubani nilikwisha kuutoa, siurudishi mfukoni. Huo ndio utakaomlisha mpaka shule zifungwe."

Basi nikala ubani wa bibi yangu muhula mzima, naye yu hai, anasuka. Kila tonge nililila kwa aibu, lakini nilisoma. Wote wawili wametangulia sasa, nami nawashukuru kila nikivaa viatu.

Nawe uliye mbali na kwenu, fedha yako mpe akushikie mtu anayeweza kukukatalia. Tanguliza chakula, kodi na daftari. Ukitamani kitu, sema unakitamani. Heri kunyimwa kuliko kumzika anayekutafutia.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na wanaokusomesha awaweke hai hadi wale jasho lako.