Mama Dobi Aenda kwa Wakwe

Familia nyingine hupanda cheo kwa kusoma, nyingine kwa kuoa vizuri. Hii ilipanda kwa pasi. Baba yake Mama Dobi alifua nguo za Hakimu wa nyumba kubwa, akazipeleka kwa baiskeli na kuzikabidhi kwa mpishi, mlango wa nyuma. Mama Dobi akarithi baiskeli, pasi ya mkaa na mlango wa nyuma. Binti yake hakutaka hata kimoja. Alifungua duka la kufulia lenye mashine zinazonguruma na kioo kipana upande wa barabarani, wapita njia wakawa wanatazama nguo za watu zikizunguka. Mama Dobi aliona huo ni utovu wa adabu.

Nyumba kubwa nayo ilikuwa ikishuka, taratibu na kwa heshima zote. Hakimu alikufa, mpishi akaondoka, vyumba vya juu vikapangishwa. Mjukuu wa Hakimu alipata kazi ya udereva, kusambaza nguo za duka lile lile, na hapo ndipo alipompenda bosi wake. Mama yake akiulizwa kijana anafanya nini, alijibu kwamba yuko kwenye mambo ya usafirishaji.

Uchumba ukaiva, na Mama Dobi akaalikwa chakula cha mchana.

"Nitaingia mlango wa mbele," alimwambia binti yake. "Nitakaa kwenye kochi, na sigusi nguo ya mtu. Siku hiyo mimi ni mama wa bibi harusi, basi."

"Nani atakupa nguo, mama?"

"Wewe huwajui hao."

Siku ilipofika, binti alibaki nyuma akitafuta pa kuegesha gari. Mama Dobi akatangulia, kichwa juu, mkoba kwapani. Akapita getini, na miguu yake, ambayo haikuwa na habari za uchumba, ikamzungusha nyumba yote hadi mlango wa jikoni. Alizinduka akiwa ameshabisha hodi.

Alifungua mwenye nyumba mwenyewe, mama wa kijana, jasho usoni, pasi ya umeme mkononi. Shati jeupe la kijana lilikuwa limetandazwa mezani.

"Karibu, mkwe. Umepitia huku?"

"Nimepitia huku," alisema Mama Dobi. Angesema nini?

"Msichana wa kazi leo hayupo."

Msichana huyo hakuwapo tangu Hakimu alipozikwa, na wote wawili walilijua hilo. Mwenye nyumba akatazama shati, akamtazama mgeni, akarudi kwenye shati. Yalikuwa macho ya kuomba, ila hayakuwahi kufundishwa kuomba.

"Sijui kama moto umezidi," alisema.

"Hata mimi sijui, mkwe wangu. Mimi nimekuja kula."

Akavuta kiti, akaketi, akamtazama bibi wa nyumba kubwa akipiga pasi. Saa hiyo aliisubiri maisha yake yote. Ilikuwa mateso matupu.

Kijana alipotokea sebuleni, mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa na mikunjo miwili iliyokwenda sambamba, kama reli. Mezani yakaongelewa mambo ya tarehe, ya nyumba ya kupanga, ya wajukuu. Mama Dobi hakusikia neno. Kila mara kijana alipoomba chumvi, reli ilimpita mbele ya macho.

"Mama, acha kumkodolea," binti alimnong'oneza. "Wataona humtaki."

Walikuwa wameshaona. Mwenye nyumba aliweka kijiko chini, na sauti yake ilipotoka haikuwa na ukubwa wowote.

"Mkwe, kama huu uchumba hauutaki, ni heri useme sasa. Mwanangu ana kasoro gani?"

Binti akaacha kutafuna. Mama Dobi alitazama mlango wa mbele, ambao hadi hapo alikuwa hajaupita.

"Hana kasoro," alisema, akikunja mikono ya gauni lake. "Ile pasi yenu bado ina moto?"

Kijana akaanza kufungua vifungo vya shati kabla hajaambiwa. Alikuwa ameajiriwa na familia hii muda wa kutosha.